Kona ya Ramani

Eufrazia hakusamehe, wala hakujisumbua kusema amesamehe. Padri alipomhimiza baada ya maungamo, alijibu, "Tutaona, Padri," akaenda zake kupalilia magimbi.

Kisa ni ramani. Mumewe Stephano alipofariki, Rogers, mpwa wa marehemu, alirithishwa jina la mjomba wake kama desturi ya Waluguru inavyotaka. Nyumba hakuweza kuigusa, maana imesimama kwenye ardhi ya ukoo wa Eufrazia. Vilivyomo ndani alivikomba: redio, cherehani, hadi kinu. Mwisho akainyooshea kidole ramani kuukuu ya Asia iliyokuwa ukutani.

"Mali ya mjomba ni ya mpwa. Iteremshe."

Mjane, sauti imemkauka kwa kilio, akapanda kwenye stuli na kuiteremsha kwa mikono yake mwenyewe, waombolezaji wakitazama. Rogers akamwambia, "Taratibu, usiichane." Neno hilo lilimkaa kooni mwaka mzima.

Na ramani yenyewe haikuwa ya Stephano hata kidogo! Padri mmoja Mholanzi alimpa mama yake Eufrazia, aliyekuwa akimfulia kanzu, siku padri huyo alipokuwa anarudi kwao. Mama hakujali nchi wala bahari. Alimpenda mwanamke aliyechorwa konani kando ya ngamia, juu ya maandishi. Akaamua huyo ni Bikira Maria anakimbilia Misri. Akamkata kwa mkasi, akamtia kwenye fremu ndogo na kumweka penye rozari. Alipoulizwa Mtoto Yesu yuko wapi, alijibu kwamba amefunikwa, kuna baridi. Ukoo mzima umesali mbele ya picha ile.

Basi Rogers aliipeleka ramani mjini kwa Parag, muuza vitu vya kale. Parag akamwonyesha kwenye simu ramani nyingine kama ile, nzima. Ilichapwa kwa bamba la shaba lililochongwa huko Uholanzi, zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, na jina la mchongaji limo kwenye ile kona isiyokuwepo. Bila kona, hanunui.

Rogers akakodoa macho. "Huyo Mama Maria namjua!"

Wakapanda mlima kutoka Bigwa hadi kwa Eufrazia, Parag akihema, Rogers na ramani kwapani.

"Shikamoo, mama."

Tangu arithi jina, Rogers alikuwa akimwambia "habari gani" tu, mtu mzima kwa mtu mzima.

"Marahaba. Leo umerudi kuwa mtoto?"

Rogers akaeleza shida yake. Eufrazia akaileta fremu, akaipakata. Parag akainama kuitazama.

"Ndiyo yenyewe. Ila mimi, mama, sinunui kitu bila kujua kilikotoka."

Eufrazia akatabasamu. "Rogers, mweleze mgeni ukweli. Ukisema kweli, kona hii itaungana na ramani yake leo hii."

Kisa cha ramani Rogers alikijua tangu utotoni. Angedanganya vipi, na mwenye habari zote yuko mbele yake? "Padri alimpa mama yake huyu mama."

"Mama yangu mzazi?"

"Ndiyo."

"Na mali ya mama, kwetu sisi, inakwenda wapi? Si wewe bingwa wa desturi? Msibani ulisema vizuri sana."

"Kwa ukoo wa mama," Rogers akajibu.

Parag akarudi nyuma. "Ndugu yangu, mali ya ugomvi mimi siitaki."

"Itundike," akasema Eufrazia.

"Mama, tafadhali..."

"Au niwaite wazee waliokupa jina la mume wangu, waje wasikie unavyolitumia kuwaibia wajane?"

Rogers akapanda kwenye stuli ile ile. Akaiinua ramani.

"Taratibu," Eufrazia akamwambia, "usiichane."

Akaitundika, akashuka. Eufrazia akasogea nyuma, akainamisha kichwa upande huu, kisha upande ule.

"Imepinda. Iteremshe, uanze upya."

Haikuwa imepinda. Rogers aliliona hilo, na Parag aliliona. Rogers akapanda tena.