Ulimbo Miguuni

Mjomba Baltazar hamwamini mtu yeyote anayepima ndege kwa rula. Kwake yeye, mtu mzima hawezi kutoka mjini, afike Endasak, apande Mlima Hanang kwa miguu kwa ajili ya ndege asiyejaza hata kijiko. Lazima kuna jambo.

Wapimaji walikuwa wawili. Mjomba aliwaonyesha njia, mimi niliandika vipimo kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Dokta Irene alishikilia kwamba yule ndege wa kijani wa msituni, mwenye pete nyeupe machoni, ni wa Hanang peke yake na anastahili jina lake. Wolfgang alikataa: ni yuleyule wa bustanini, baridi tu imemnenepesha. (Wolfgang si Mzungu. Ni wa Haydom, nadhani siku ya ubatizo wake majina mengine yalikuwa yameisha.) Wakizidiwa na hasira walihamia Kiingereza, na hapo mjomba alininong'oneza.

"Wametaja mizinga?"

"Hapana mjomba, wametaja mkia."

"Mkia wa nini?"

Mizinga yake kumi na minne ya nyuki iko ukingoni mwa msitu, na ndiyo iliyonilipia shule. Kijijini ilikuwa imevuma kwamba ndege akipata jina la pekee, mpaka wa hifadhi utashushwa na mizinga itaangukia ndani. Kwa hiyo mjomba alimwombea Wolfgang ushindi hadi kanisani.

Maombi hayakumtosha. Siku ya tatu alikuja na kikapu kilichofunikwa kwa kanga ya shangazi, akaniambia nisiulize. Alikuwa amemnasa ndege mmoja kwa ulimbo, utomvu unaonata, kwenye mpapai wa nyumbani, wa njano zaidi, pete nyembamba. Akatutangulia kwenye wavu ambao wapimaji walitega msituni, akamtia humo. Alidhani wakimkuta wa bustanini juu msituni, watakubali ni ndege mmoja, waende kwao.

Dokta Irene alimtoa, akamlinganisha na wa msituni aliyenaswa wavu huohuo. Alisema kama hawa wanaishi pamoja na bado hawafanani, basi hawaoani, na kama hawaoani ni aina mbili. Wolfgang akaiweka rula chini kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Nikaandika. Mjomba akaniuliza nani ameshinda, nikamnong'oneza kwamba ni Dokta.

Kisha Dokta Irene akajaribu kuachanisha vidole vyake mwenyewe, vikawa vimenatana.

"Baba, huyu ana ulimbo miguuni," alimwambia mjomba.

Mjomba alilielekezea kidole daftari langu. "Mizinga yangu ni kumi na minne," alisema. "Andika hiyo kwanza."

Dokta Irene akamwambia mpaka haupangi yeye. Mjomba akauliza unapangwa na nani. Dokta akachukua kalamu yangu, akaukata mstari wa ndege yule. Mjomba aliifuata kalamu kwa macho ilivyopita, kama vile inapita juu ya mizinga.

Nikatumwa kumrudisha ndege alikotoka. Chini ya mpapai nilifungua mfuko aliotiwa. Akatua tawini, akafuta miguu kwenye gome, akaruka. Bustani hakuiangalia. Alipanda moja kwa moja mlimani hadi msitu ukammeza.

Habari hiyo, kwamba ndege huyohuyo hupanda na kushuka mlima, ingemfaa Wolfgang, na labda mizinga pia. Ila baada ya kile kikapu, nani angemwamini mpwa wa Baltazar?

Jioni mjomba aliniuliza kama ndege amerudi kwake.

"Amerudi kwake, mjomba."

Akaniangalia kama anavyoiangalia ile rula.