Wageni wa Nyuzi Tano

Profesa Wendell Haugen alikuwa mtu mnyenyekevu sana; mwenyewe alituambia hivyo mara nyingi. Ndiye aliyekuwa mkuu wa kibanda chetu cha utafiti mlimani Colorado, juu kidogo ya hoteli za watalii wanaokuja kuteleza kwenye theluji. Kazi yetu ilikuwa kuvuta hewa na kuiuliza swali ambalo halijawahi kumkosesha usingizi mtu mwenye akili timamu: umebeba nini kinachofanya mawingu yagande?

Maana maji yakiwa safi ni mabishi. Kitone kidogo unaweza kukipoza hadi nyuzi thelathini na kitu chini ya sifuri, na bado kikagoma kuwa barafu. Kinangoja kishawishi: chembe ya vumbi, chavua, bakteria. Ili kuvinasa vishawishi hivyo tulikuwa na bamba la plastiki angavu, dogo kama stempu, lenye vifereji vyembamba kuliko unywele. Tukishaosha chujio lililochuja hewa, maji yale tunayapitisha humo, yanakatika vitone vitone ndani ya mafuta, kisha tunavipoza huku tukichungulia kwa hadubini. Kinachoganda kinageuka cheusi.

Mwenye mkono wa kazi hiyo alikuwa Delphine Arceneaux, mtafiti kutoka Louisiana, ambako barafu huonekana ndani ya glasi tu. Mimi nilikuwa wa pampu za kuvutia hewa.

Januari moja vitone vikaanza kuganda kwenye nyuzi tano tu chini ya sifuri. Vumbi la kawaida haliwezi hilo hata likiombewa. Delphine akachemsha sampuli, na ile nguvu yote ikapotea. Vumbi halijali kuchemshwa; basi kilikuwa kitu chenye uhai, au kilichowahi kuwa nao.

Profesa nusura apasue dari. "Mnajua hawa ni nani? Bakteria wapya! Wanaishi mawinguni na kujitengenezea theluji yao!"

"Au ni wa hapo bondeni," Delphine akasema. "Wanakuja upepo ukitoka upande wa hoteli tu. Ukigeuka, hatuwaoni."

"Dada yangu, viumbe wana akili. Wanachagua upepo."

"Wanachagua na msimu wa watalii?"

Nikainamia pampu zangu nisije nikacheka, kwa kuwa nilikuwa bado napenda kula.

Haikupita muda gazeti la mji likampiga picha Profesa akitazama juu, kama mtu aliyepigiwa simu na mbingu. Hoteli kubwa nayo ikamwalika azungumze na wageni wake. Delphine alimsihi asubiri kidogo. Akajibiwa kwamba sayansi haisubiri, sayansi ambayo mwaka mzima ilikuwa imesubiri Profesa asome ripoti zetu.

Asubuhi ya mhadhara Delphine akashuka kwa miguu, akianguka na kuinuka, mpaka penye mashine zinazotengeneza theluji kwa maji na kuirusha mteremkoni. Akajaza chupa theluji hiyo na kupanda nayo. Alipoiyeyusha na kuipitisha kwenye bamba, vitone vikawa vyeusi kwenye nyuzi tano. Akachemsha, nguvu ikapotea. Ndipo akampigia simu Roxanne Tafoya, msimamizi wa mashine zile.

"Kwani hamjui?" Roxanne akashangaa. "Maji yetu tunayatia unga wa bakteria waliokufa. Theluji inashika upesi. Niwaletee mfuko?"

Tulimkuta Profesa kwenye ujia wa hoteli akichana ndevu mbele ya kioo. Delphine akamweleza yote. Kitana kikasimama katikati ya kidevu.

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi watatu. Na kila mtu anayetengeneza theluji."

Ukumbi ulijaa watu wenye mashavu mekundu, wakila mikate ya mayai yenye asali. Profesa akapanda jukwaani, akaonyesha picha ya wingu, akalisifu wingu, akalisifu tena. Kisha sifa zikamwishia. Nilimwona ameshika meza, na kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma, jambo lililonikera.

"Mwenzangu Delphine," akasema, "ana matokeo ya leo. Njoo uwaeleze."

Yaani maiti ni yake, mazishi amwachie mwingine. Delphine akapanda, akasema ukweli wote bila kumcheka: kwamba tulichokinasa ni unga wa mteremkoni, kwamba umepanda na upepo mpaka kwenye pampu zetu, na kwamba sasa tunacho kifaa cha kuufuatilia unakokwenda. Roxanne, aliyekuwa amekuja na mfuko wake wa unga, akasimama nyuma kabisa, akapiga makofi kama anayefukuza dubu. Ukumbi mzima ukamfuata.

Tukipanda mlima kwa gari, kwenye kona ya mwisho Profesa akamgeukia Delphine.

"Umeniaibisha."

"Ningekuacha ungeaibika zaidi, tena gazetini."

"Kweli." Akakohoa. "Kwenye makala ya utafiti, jina langu litangulie?"

"Hapana, Profesa."

"Nimeuliza tu." Baadaye akauliza tena, kwa sauti ya chini: "Ulijuaje kwamba uende kupima theluji?"

"Kwetu hakuna theluji. Nilipoona watu wanaitengeneza kwa mashine, nikataka kujua wanatia nini."

Akacheka, safari hii akijicheka mwenyewe, mpaka kioo cha gari kikaingia ukungu. Kesho yake akavaa glavu, akaomba afundishwe kutumia bamba. Akavunja mawili kabla ya chakula cha mchana.