Friza la Baba Stella

Friza lile nililinunua mimi. Naanza na hilo kwa sababu siku nilipolisema mbele za watu hakuna aliyeniamini.

Kabla yake nilikuwa nauza karanga na mihogo ya kuchemsha kwenye njia ya kwenda hospitali, hapa Mkomaindo. Kila msimu wa korosho niliona mabibo yanavyooza mashambani, nzi wanashangilia, na yale yanayookotwa yanageuzwa uraka wa kulewesha watu. Nikaanza kukamua juisi yake, nikaichuja, nikatia sukari na ndimu. Watu waliipenda, ila juisi ya mabibo haina subira. Ukiikamua asubuhi, jioni imechacha. Ilitaka baridi. Basi nikacheza kikoba na wanawake wenzangu wa kanisani, na zamu yangu ilipofika nikaenda sokoni nikachagua friza kubwa jeupe, lile la kufungua kwa juu, la mtumba, limebonyea kidogo kwenye kona moja. Mume wangu Reginald, mwalimu wa shule ya msingi, siku hiyo alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya.

Aliyelileta ni fundi Uwesu, limesimama wima kwenye guta la magurudumu matatu, limefungwa kamba pande zote. Tulipolishusha nikashika waya nichomeke. Akanizuia.

"Mama Stella, subiri. Mgeni akifika kwako unamuuliza habari za safari akiwa bado mlangoni?"

"Simuulizi. Nampa kiti kwanza, na maji."

"Basi na hili lipe kiti. Mashine yake ina mafuta, na njiani yamecheza. Liache lipumzike mpaka kesho, yarudi mahali pake. Na siku ukilihamisha, usililaze. Ukililaza halafu ukaliwasha papo hapo, umeliua."

Likapumzika. Uwesu akalipandisha kwenye stendi ya mbao, akaweka sahani ya maji juu ya mfuniko aone yanaegemea wapi, akachomeka kijiti chini ya mguu mmoja mpaka maji yakatulia. Alinikataza kulisukuma mpaka ukutani, akasema mgongo wake unatoa joto, nao unataka hewa. Jirani aliniletea kitambaa cha kufuma, kizuri, nilivalishe friza langu kama kochi. Nilimshukuru nikakitandika juu ya redio.

Nililitunza friza lile kuliko nilivyojitunza mwenyewe. Kila Jumamosi nilipangusa mpira wa mfuniko kwa sabuni. Barafu ikinenepa ukutani nilizima, nikaweka beseni la maji ya moto ndani, nikasubiri iachie yenyewe. Kisu hakikuwahi kuligusa. Umeme ukikatika, nalifunika blanketi na hakuna kufungua, hata askofu awe na kiu. Na mwezi wa tatu, wakati mabibo hayapo hata ya dawa, mimi nilikuwa na juisi yake kwenye vifuko, imeganda kama jiwe. Watu waliotoka kuangalia wagonjwa wao walisimama kwangu kwanza. Juisi hiyo ndiyo iliyomweka binti yetu Stella shule ya bweni. Mshahara wa mwalimu mnaujua.

Sasa, kwetu mke mwenye adabu hasemi "langu" mbele za watu na mume wake yupo. Mtu akiuliza, "Friza zuri, la nani?" unajibu, "La Baba Stella." Bibi yangu alisema hivyo juu ya mbuzi aliowafuga mwenyewe. Mama yangu alisema hivyo juu ya cherehani ambayo baba hakujua hata kutunga uzi wake. Nami nikasema hivyo kanisani, nikasema sokoni, nikasema kwenye harusi. Ilikuwa heshima, na kila mwanamke aliyesikia alijua maana yake.

Reginald naye akipongezwa, "Mwalimu, hongera kwa friza," alijibu, "Tunamshukuru Mungu." Tunamshukuru Mungu! Tukiwa wawili ndani alicheka, akaniambia, "Mke wangu, mimi sina friza, nina kiu tu." Lakini maneno hayo aliyasema mlango umefungwa. Nilimpenda, Mungu amrehemu, na kwa hilo namlaumu mpaka leo.

Alifariki mwaka jana kwa presha. Tulimzika kwao Chiwata, kisha ndugu wakarudi kwangu kumalizia msiba. Friza lilifanya kazi yake kimyakimya, limebeba samaki na nyama ya kulisha waombolezaji wote. Wifi yangu Selestina, dada mkubwa wa Reginald, ambaye ameolewa Newala, alilifungua na kulifunga mara nyingi siku hizo. Nilidhani anatafuta samaki.

Siku ya kuondoa tanga, ukoo wa mume wangu ukakaa ukumbini. Selestina ndiye aliyesema.

"Wifi, nyumba hatuigusi. Kiwanja ulipewa na mama yako, ni cha ukoo wenu. Lakini vitu vya marehemu vina wenyewe. Mali ya mjomba ni ya wapwa, hilo hatukulianzisha sisi."

Akataja baiskeli, akataja redio na suti mbili. Kwa yote hayo niliitikia kwa kichwa, maana desturi naijua, na hata kwetu wajomba wakifa tunafanya hivyo hivyo. Kisha akasema, "Na friza."

"Friza ni langu," nikasema.

Selestina akanitazama kama mtu anayemwonea mtoto huruma.

"Wifi, langu imeanza leo? Miaka yote hii nakusikia kwa masikio yangu: friza la Baba Stella. Ulidanganya wakati ule au unadanganya sasa?"

Wazee wakatikisa vichwa. Niliwageukia wanawake wa kikoba waliokuja kwenye tanga na waume zao, wale waliokuwepo siku napokea zamu yangu, wale ambao kila mmoja ana kitu chake nyumbani kinachoitwa cha Baba Fulani. Wote wakaangalia mikeka. Angefungua mdomo hata mmoja, waume zao walikuwa pale pale wanasikiliza. Niliwachukia siku ile, na sijamaliza.

Mtu ataniambia kuna baraza, kuna sheria. Zipo. Lakini mjane anayekwenda kushtakiana na dada wa marehemu kabla ya arobaini, mji mzima utasema ndiye aliyemuua.

Gideoni, mwana wa Selestina, alikuja na kirikuu, kigari cha mizigo. Vijana wakatoa vifuko vyangu vya juisi wakavitupa kwenye mabeseni, wakalinyanyua friza, wakaanza kuliinamisha ili liingie chini ya turubai.

"Msililaze!" nikapiga kelele. "Lisimame wima, na mkifika msi..."

Selestina akanishika bega kwa upole, upole ule wa msibani.

"Wifi, wewe umefiwa. Pumzika. Kazi hizi waachie wanaume."

"Wifi, nisikilize, hili friza likilala..."

"Pumzika, nimesema."

Basi nikapumzika. Nilikaa kwenye mkeka wangu nikaona friza langu linalazwa chali, linafungwa kamba, linaondoka kuelekea Newala, na ile barabara yote ya kupanda mlima. Juisi ikayeyuka kwenye mabeseni. Kufika jioni ilikuwa imechacha, jirani mmoja akaiomba, akalewa, akaja kuniimbia pole dirishani.

Kabla hajamaliza kuimba simu ikaita. Selestina. Nyuma yake nikasikia sauti za wageni. Alikuwa amewaita waje kunywa maji ya baridi.

"Wifi, tumelichomeka tu lilipofika, likanguruma, likakoroma kidogo, sasa limenyamaza. Fundi wa huku haelewi. Wewe ulikuwa unalifanyaje?"

Kila kitu nilikijua. Nilijua walipolilaza, na wala sikuwa na haja ya kuuliza kama walilipa kiti na maji. Mimi mwenyewe hawakunipa. Udongo wa kaburi la mume wangu haujakauka, nami nimeshaulizwa baiskeli iko wapi.

"Sijui, wifi," nikasema. "Friza ni la Baba Stella. Mwulizeni mwenyewe."

Nikakata simu. Nilifurahi, sitaki kudanganya, lakini ilikuwa furaha ya kumeza mate. Stella alikuwa ananitazama. Akaniuliza, "Mama, sasa mimi shule nitarudi?" Nikamwambia akalale.

Baada ya arobaini kirikuu ikasimama tena mbele ya nyumba. Gideoni akashuka, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama amesema nikurudishie friza lako."

"La nani?"

Akapangusa uso kwa mkono wa shati. "Lako, mama."

Yaani likiwa zima lilikuwa la ukoo wao mzima, na maiti yake ni yangu. Nyuma ya gari lilikuwa limelazwa tena. Nilimwambia alisimamishe, akanisaidia kulipandisha kwenye stendi yake. Nikapangusa vumbi la Newala, nikasafisha mpira wa mfuniko, nikaangalia kijiti cha Uwesu kama kipo chini ya mguu. Nililiacha lipumzike mpaka kesho yake, kama nilivyofundishwa. Kesho yake nikachomeka. Taa ya kijani ikawaka, na moyo wangu mpumbavu ukaruka. Nikasubiri mpaka jioni, nikaingiza mkono. Lilikuwa na joto la chumbani.

Uwesu alilifungua mgongo, akasikiliza, akafunga. Alisema kompresa imekufa, na kompresa mpya ni karibu sawa na friza jingine. Hakutaka hata soda.

Siku hizi natunzia mbaazi ndani yake, panya hawaliwezi. Stella yuko nami kwenye njia ya hospitali, anamenya mihogo, na anamenya haraka kuliko mimi. Msimu huu mabibo yameoza mashambani kama zamani.

Juzi mke wa mwalimu mpya aliyehamia mtaani alikuja kuomba chumvi. Alisimama ukumbini akalizunguka friza, akalipapasa mfuniko. Nilikuwa nimelipangusa, maana ilikuwa Jumamosi.

"Friza zuri, Mama Stella," akasema. "La nani?"

"Langu," nikamwambia.