Kompyuta Yangu Ilipougua Kifua

Mwezi wa saba hapa Lushoto watu huvaa makoti mpaka kanisani, na kompyuta yangu ikachagua mwezi huohuo kupata homa. Nyuzi joto tisini na saba! Nacheza dakika kumi, feni inaanza kukoroma, picha zinakwama, halafu kioo kinakuwa cheusi tii. Kwa hasira niliyokuwa nayo ningeipasua, lakini ningecheza na nini?

Naitwa Loveness. Mchana kazi yangu ni kupanga karoti na kabichi kwenye matenga, jioni mimi ni mlinzi wa lango. Katika mchezo wetu wa mtandaoni timu ina watu watano, ngome ina lango moja, na lango ni langu. Jumamosi saa kumi tulikuwa na nusu fainali. Kompyuta ilikuwa imeshanizimikia mara mbili katikati ya mechi, na kapteni wetu, Silvano, alishatoa neno: nikipotea mara ya tatu, nafasi yangu anachukua Edgar wa Moshi. Edgar huyo huniita "dada kabichi". Bora lango angepewa nyani.

Jumatatu nikampigia fundi Twaha wa pale sokoni. Niliweka simu sauti kubwa kwa sababu mikono yangu ilijaa udongo. Twaha ana mazoea ya kuongea kama daktari.

"Kichwa kinachemka," alisema. "Kifua kimeziba, ndiyo maana haipumui. Inatakiwa isafishwe, halafu ipakwe dawa. Mimi dawa imeniishia, Ijumaa asubuhi naifuata Mombo."

"Twaha, hii ikifa kabla ya Jumamosi nimekwisha!"

Bibi Esteria, mama wa marehemu mama yangu, alikuwa palepale akimenya viazi. Aliacha kumenya, akasikiliza. Bibi akinyamaza ujue anapanga.

Nikafanya nilichokijua. Niliiinua juu ya makopo mawili ili hewa ipite chini, nikapunguza ubora wa picha, nikafungua dirisha mpaka ukungu ukaingia ndani nikawa nacheza nimevaa soksi za mikono. Wapi! Jumanne tisini na nane, Jumatano mia kamili. Na kila nikitoka shamba naikuta imefunikwa blanketi. Nikadhani Bibi anaificha wezi wasiione. Chumba kizima kilinuka ile dawa ya kuchua kifua, nikadhani ni yeye na mafua yake.

Alhamisi wakaja akina mama watatu wa usharika, wakiongozwa na Mama Evelina, na mayai sita kwenye kikapu.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kumjulia hali mgonjwa."

"Mgonjwa yupi, mama?"

Akaelekeza kidevu mezani, kwenye blanketi. Wakasimama kuizunguka, wakaimba ubeti mmoja, kisha Mama Evelina akamwomba Mungu amshushie joto "kiumbe chako huyu, ambaye sisi hatumjui ila Wewe wamjua". Nikaitikia amina. Mfa maji haachi kutapatapa. Kuuliza kilichokuwa kikiendelea sikuuliza, na hilo ni kosa langu.

Ijumaa mchana nilirudi nyumbani pamoja na Twaha aliyetoka Mombo. Tulipofungua mlango, mvuke ukatupiga usoni. Bibi alikuwa ameinama mezani. Kompyuta ilikuwa chini ya blanketi, na mikononi mwake sufuria ya majani ya mkaratusi yaliyochemshwa, akiisogeza taratibu ukingoni mwa lile blanketi.

"Bibi! Unaipigisha nyungu kompyuta?"

Niliipokonya ile sufuria kwa mikono mitupu. Nikaungua, nikapiga kelele, na maji yakamwagika sakafuni.

"Shikamoo, bibi," alisema Twaha.

"Marahaba. Umechelewa, daktari."

Twaha akafungua skrubu. Feni ilikuwa imeganda kwa mafuta na manyoya ya blanketi, imefura kama andazi.

"Nani ameipaka hii?"

"Mimi," alisema Bibi kwa fahari. "Si ulisema kifua kimeziba, apakwe dawa? Nimempaka asubuhi na jioni."

Nikalipuka. Nilimwambia ameharibu kila kitu, kwamba hiki ni chuma na plastiki, si mtu, na kama hajui kitu akiache! Twaha akajifanya anatafuta brashi. Bibi akaketi, akakunja kanga magotini.

"Mama yako alikuwa na joto hivihivi," alisema. "Alikoroma hivihivi. Tukaambiwa tungoje gari la wagonjwa, linapandisha kutoka Mombo, tukangoja mikono mitupu. Na wewe umesema akifa huyu, umekwisha. Ningengoja tena?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Niliokota majani sakafuni, moja moja.

Twaha alisafisha kila tundu kwa spiriti, akakwangua dawa ya zamani iliyokauka juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta, akaweka mpya, ya kijivu, kidogo tu kama punje ya dengu. "Sasa iko poa," alisema.

Na kweli. Jumamosi mechi ilianza nyuzi sitini na mbili, feni kimya kabisa. Nililinda lango kama chui. Zilipobaki dakika tatu tulikuwa tunaongoza, na hata Edgar, aliyekuwa akitazama, aliandika "safi dada". Ndipo Bibi akaingia kwa kunyata, akaweka kiganja juu ya kompyuta.

"Amepoa," alinong'ona. Kisha akapiga ukunga. "Jamani, amepoa! Amekata roho! Uwiii!"

Maikrofoni ilikuwa wazi. Wapinzani wetu walisikia kilio, wakasimama hapohapo uwanjani, wakashusha silaha, na kapteni wao akasema, "Poleni sana kwa msiba." Majirani nao walikuwa wanakimbilia uani kwetu. Bibi alikuwa analia machozi ya kweli.

"Hakuna msiba!" nilisema kwenye maikrofoni. "Endeleeni."

Wakaendelea, nami nikaliacha lango. Nilisimama, nikamkumbatia Bibi, nikaushika mkono wake nikauweka pembeni, pale feni inapotolea hewa.

"Sikia, Bibi. Anapumua."

Alikaa hivyo muda mrefu, mkono ukipepewa, mpaka pumzi yake nayo ikatulia. Nilipogeuka, ngome ilikuwa imeshatekwa.

"Imezima tena?" Silvano aliuliza.

"Haijazima. Niliondoka mwenyewe."

Lango sasa analo Edgar. Inaniuma, sitadanganya. Lakini kila asubuhi, kabla sijashika tenga, Bibi huniuliza mlangoni mgonjwa ameamkaje, na mimi sisemi poa, wala siku hizi sisemi "imeamka".

"Ameamka mzima, Bibi."