Zamu ya Anayefuata

Alikuwa anatafuta mabano. Alijua kabisa yanakaa wapi kwenye mstari, la kufungulia na la kufungia, angeweza kuyataja hata usingizini. Kwenye kibodi ndiko hakuyaona. Mtoto alikuwa mapajani, amekazana kuipiga meza. Mama amemzungushia kiunoni mkono wa kushoto, na kidole kimoja cha mkono wa kulia kinazunguka juu ya herufi kama nzi asiyejua atue wapi.

"Mama Mtoto," mwalimu aliita kutoka mbele, "bado uko mstari wa kwanza?"

"Wa kwanza, mwalimu. Lakini kichwani nimeshamaliza."

Darasa zima likacheka, na yeye akacheka nalo, maana asingecheka angelia. Kiti cha kulia kwake kilikuwa kitupu.

Katika darasa lile la jioni la kuandika programu kompyuta zilikuwa chache, kwa hiyo watu walikaa wawili wawili. Mmoja anasema kinachotakiwa kuandikwa, mwingine anachapa, kisha wanabadilishana. Ndivyo mwalimu alivyoagiza. Ila yeye na mwenzake hawakuwahi kubadilishana hata siku moja. Yeye mikono ilikuwa na mtoto. Mwenzake alikuwa msusi, na vidole vyake vilikuwa vyepesi mno hata darasa likambatiza jina hilohilo, Vidole. "Sema, mama," Vidole angemwambia, na yeye angesema, na maneno yangetokea kwenye skrini kabla hajayamaliza mdomoni. Akikosea, Vidole angemwonyesha palepale: "Hapo hujafunga. Unataka tulale mlango wazi?"

Ukweli ni kwamba bila Vidole asingefika hata wiki ya pili. Alikuwa mtu wa kuanza. Cherehani aliianza akaishia kwenye kola. Udereva aliuanza akaishia kwenye kurudi nyuma. Kazini kwake, kwa dobi, alisimama kutwa nzima akipiga pasi mashati ya watu, na jioni miguu ilimwambia kalale. Lakini siku za darasa Vidole alipita akagonga dirisha kwa ufunguo: "Toka, mvivu wewe, kompyuta zinakulilia!" Hamu yake ya kusoma ilikuja kwa miguu ya mtu mwingine, naye hakulijua hilo mpaka dirisha liliponyamaza.

Programu yao ilikuwa ya saluni. Wateja wa Vidole waligombana kila Jumamosi nani katangulia, nani kaja akaondoka akarudi. Wao wawili wakasema wataiandika foleni kwenye kompyuta, imwite kila mtu kwa zamu yake. Ikakubali, isipokuwa jambo moja: mteja akichoka kusubiri akaondolewa kwenye orodha, aliyekuwa nyuma yake hakuitwa. Alirukwa tu, kana kwamba hakuwahi kuja. Walikuwa bado wanalitafuta kosa hilo pale mtoto aliyekuwa tumboni mwa Vidole alipokuja kabla ya wakati wake, na hakulia.

Yeye alikwenda kumpa Vidole pole. Alikwenda na mwanawe mgongoni kama anavyokwenda naye kila mahali, maana baba mtoto ni mwokaji wa mikate, jioni anaingia kazini na asubuhi analala. Alimkumbatia Vidole. Alisema wanayoyasema watu, kwamba utapata mwingine, na wakati anasema hivyo mwanawe alinyoosha mkono akashika hereni ya Vidole, akaivuta, akacheka.

Sasa mwalimu alifika mezani kwake, akainama. "Jumatano ijayo kila jozi inaonyesha kazi," alisema taratibu. "Asiyeonyesha, nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Nina watu wanasubiri, unajua. Mwenzako anarudi? Kama harudi, niambie nikutafutie mtu."

"Anarudi," alisema.

Kesho yake alipotoka kwa dobi alipitia saluni. Vidole alikuwa na kichwa cha mteja, nusu kimesukwa, nusu kimesimama wima.

"Karibu, shoga," alisema, macho yakiwa kwenye kitana.

"Jamani katoto!" mteja alidakia. "Hebu lete nikabebe."

"Wewe tulia," Vidole alimwambia, "nikikusuka upande usije kunidai."

Walicheka wawili. Vidole hakucheka. Mteja alipokwenda nyuma kunawa, ikabaki feni tu inajizungusha.

"Mwalimu anakuulizia."

"Mwambie nina kazi."

"Jumatano tunaonyesha. Mwenzio hata mabano sijui yako wapi."

"Yako palepale."

"Basi safari hii nikupitie mimi. Nigonge mimi dirisha."

"Usinipitie."

Vidole alikuwa anatoa nywele kwenye meno ya kitana, unywele mmoja mmoja, anaziviringisha kidonge. "Tukikaa pale wangu alikuwa ananipiga mateke hapa," alisema, akajigusa ubavuni. "Kisigino chake. Unakumbuka? Tulikuwa tunacheka, huyu wako anapiga nje, wangu anajibu kwa ndani." Alikitupa kile kidonge cha nywele. "Mwanao simchukii. Usije ukafikiri hivyo."

"Sijafikiri."

"Basi usije naye. Na najua huna pa kumwacha. Kwa hiyo..." Mteja alikuwa amerudi, maji yanamtiririka shingoni.

Mama Mtoto alitoka bila kuaga vizuri. Njia nzima kisigino cha mwanawe kilimgonga kiunoni, na kila kilipomgonga alijiuliza ni jioni ngapi Vidole alikaa pale akivumilia, huku yeye anaongea mambo ya foleni.

Usiku ule alijiambia anaacha. Alijiambia vizuri kabisa, kwa sababu zote, kama mtu anayekunja nguo. Asubuhi, akiwa mbele ya meza ya pasi, alikuta vidole vyake vinatembea juu ya shati la mtu, vinatafuta herufi. Alichora kibodi kwenye boksi la sabuni, akaliegemeza ukutani. Akimaliza shati, alichapa sentensi moja ya programu juu ya kitambaa chenye joto, kisha akachukua shati jingine.

"Huyu kapagawa," mwenzake wa kufua alisema. "Anapigia shati kinanda."

"Niache. Nasoma."

"Soma, dada, ila ukiunguza kola za watu tutasoma wote magazeti ya kutafutia kazi."

Hakuwa na hamu, na hilo ndilo lililomshangaza. Alikuwa amedhani mtu huendelea kwa sababu anataka. Yeye alikuwa hataki, moyo umelala kama mbwa juani, na bado shati lilipoisha vidole vilitembea. Siku nyingine aliishia sentensi moja. Siku nyingine aliikosea hiyohiyo. Jioni moja, kabla Jumatano haijafika, hatimaye kosa la programu lilimjia wakati anatundika mashati: ukimwondoa mtu katikati ya foleni, walio nyuma wote wanasogea mbele hatua moja. Programu nayo inasogea hatua yake. Kwa hiyo aliyemfuatia yule aliyeondoka anapitwa, hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemwona. Alisimama na shati mkononi, bega la kushoto limetundikwa, la kulia linaning'inia.

Jumatano alimfunga mtoto mgongoni badala ya kumpakata, mikono yote miwili ikawa huru. Alichapa polepole, ulimi nje, na jozi nyingine zote za darasa zikaonyesha kazi zao na kurudi kukaa kabla hajafikia mstari wa mwisho. Herufi nyekundu za kosa zilimjia mara tatu. Alisahau kufunga, akajiambia mwenyewe kwa sauti ndogo, "Unataka tulale mlango wazi?" na ilibidi asubiri kidogo mpaka macho yaweze kuona tena.

Mwalimu aliingiza majina ya wateja, akamtoa mmoja wa katikati. Skrini ikamwita aliyefuata. Akamtoa mwingine. Ikamwita aliyefuata.

"Umefanyaje?"

"Simfuti, mwalimu. Naandika tu kwamba hayupo. Nafasi yake inabaki, zamu ndiyo inapita."

Mwalimu alipandisha macho juu ya skrini, mahali wanapoandika majina ya waliotengeneza. Yalikuwa mawili. Alijikuna kidevu.

"Sawa," alisema. "Jumatano basi, mje."

Yeye hakumsahihisha hiyo 'mje'.

Jumapili mumewe hakuwa na zamu ya kazi. Yeye akamkabidhi mtoto, mume akiwa bado na usingizi machoni. "Natoka kidogo. Uji wake uko mezani."

"Unakwenda peke yako?" mumewe alishangaa. "Leo kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Njiani alitembea vibaya, kama mtu aliyeshusha mzigo akasahau kunyooka. Vidole alifungua mlango, akamtazama bega, akatazama nyuma yake, kisha uso. Hakumkaribisha ndani. Alitoka yeye, wakakaa wote wawili kwenye ngazi ya mlangoni.

"Inafanya kazi?" Vidole aliuliza.

"Inafanya."

"Nani alichapa?"

"Mimi."

"Muongo wewe."

"Kweli. Darasa zima lilikuwa limeshamaliza, mimi bado nachapa. Nusura wafunge jengo mimi niko ndani."

Pembe ya mdomo wa Vidole ilitikisika kidogo, ikatulia. "Jumatano siji," alisema.

"Najua."

"Na ile nyingine sijui."

"Najua, shoga."

Jua lilikuwa limefika kwenye ukuta wa mbele, linaupanda taratibu. Nyumba ya tatu kutoka pale mtoto wa mtu akaanza kulia, kilio kile chembamba cha njaa, na kabla Mama Mtoto hajaweza kujizuia maziwa yakamtoka. Aliyasikia yakimtoka. Madoa mawili yakaenea kwenye blauzi, mbele ya macho ya mwenzake, na yeye akajikumbatia haraka, mikono imepishana kifuani.

Vidole aliyatazama. Mtoto wa jirani aliendelea kulia.

"Yangu yalichelewa kukauka," alisema. "Kila huyo alipolia yalinitoka."

Kisha alivua mtandio wake kichwani, akaukunjua, akamzungushia mwenzake mabegani na kuuvuta mbele mpaka ukayafunika madoa yote mawili. Akaushika pale kwa mkono, wasije wapita njia wakaona, na wao wawili wakabaki wamekaa hivyo, mpaka mtu fulani ndani ya ile nyumba ya tatu akamchukua mtoto.