Mwajabu wa Kwenye Theluji

Kwa miaka miwili Mwajabu, binti wa Mzee Swalehe wa kijiji cha Kolo, alikuwa uso wa kampuni moja ya Dodoma iliyotengeneza magauni na mikoba ya ngozi ya bei kali. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na aliitazama kamera kana kwamba kamera ndiyo iliyotakiwa kuona haya. Walimpiga picha kwenye mashamba ya zabibu na juu ya majabali, jua likimchoma mabega.

Siku moja Denis, mpiga picha wa kampuni, alimsimamisha mbele ya kitambaa cheupe tangu asubuhi hadi alasiri. Alimpiga picha za mbele, nyuma, ubavuni, akicheka, akinuna, akitembea. Mwisho akampa karatasi asaini.

"Picha zote hizi za nini?"

"Tunaanza kutumia akili mnemba, dada. Kompyuta itakuvalisha na kukuweka popote tunapotaka. Hutasumbuka tena na jua."

Akasaini. Hawakumwita tena. Miezi mitatu baadaye alikuwa akigawa wali na kuosha sahani kwenye mgahawa wa mama mmoja aitwaye Frida, kule Nzuguni, pembezoni mwa jiji. Nyumbani hakusema. Alijiambia atasema akishapata kazi nyingine ya heshima.

Kabla hajaipata, baba yake alimpigia kwa simu ya Shabani, kaka yake Mwajabu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu, unakwenda Ulaya bila kuniaga?"

Shabani alikuwa ameiona picha mtandaoni: Mwajabu kavaa koti refu jekundu, kasimama kwenye theluji, nyuma yake daraja la mawe. Mwajabu alifungua mdomo aeleze. Ndipo akasikia sauti za wanaume waliokaa na baba yake, na mmoja wao akisema, "Mzee Swalehe, hongera, umezaa." Baba yake akacheka kicheko ambacho Mwajabu hakuwa amekisikia tangu ng'ombe wao walipokufa kwa ukame.

"Safari ilikuwa ya haraka, baba," alisema. "Nisamehe."

Tangu siku hiyo akawa anapiga kwa WhatsApp tu, tena akiwa chumbani, mlango kaufunga, ili wasisikie kelele za mtaa. Picha ziliendelea kutoka: Mwajabu jangwani, Mwajabu kwenye ngazi za jumba la kifalme. Kila picha ilikuwa safari mpya ya kuelezea, naye alieleza. Idi ilipofika hakwenda Kolo. Angekwendaje, wakati yuko Ulaya?

Mwezi wa saba wa uongo huo baba yake alianza kukohoa kwenye simu.

"Vumbi la kupura uwele tu," alisema. "Wewe fanya kazi yako."

Alhamisi moja jioni, mikono ikiwa kwenye beseni la sahani, Mwajabu alipata ujumbe wa Shabani. Baba amefariki alfajiri. Tumemzika baada ya adhuhuri. Tuliona hata tukikwambia usingewahi.

Aliusoma mara tatu. Frida alimkuta amekaa sakafuni, povu likimkaukia mikononi.

Asubuhi alipanda basi la kwanza, na kabla ya saa tano alikuwa Kolo. Waombolezaji waliokuwa uani walisimama kumpokea. Jirani mmoja akauliza ni ndege gani imemleta upesi hivyo. Mwajabu alimpita. Aliingia ndani alikokuwa mama yake, Bi Tabu, akapiga magoti mkekani, akamwambia yote: Denis, karatasi, mgahawa, Nzuguni.

Mama yake alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Nzuguni hii ya Dodoma?"

"Ndiyo, mama."

"Tulikuwa Dodoma." Alisema polepole, kama mtu anayehesabu. "Mwezi uliopita, hospitali. Siku tisa. Shabani alituachia simu akarudi kuangalia mbuzi, nikabaki peke yangu. Nililala sakafuni chini ya kitanda cha baba yako. Hakuna aliyetuletea hata chai."

Mwajabu aliinamisha kichwa.

"Nilitaka kukupigia. Akanikataza. Akasema, 'Ukimwambia atapanda ndege, wazungu watampa mwingine kazi yake. Mwache.' Wauguzi wote alikuwa akiwaonyesha picha zako. Hata yule mfagiaji."

"Mama, nilidhani namfurahisha."

"Ulimfurahisha," mama yake alisema. "Hilo ndilo siwezi kukukatalia."

Kisha alinyoosha mkono akamfunika mtandio uliokuwa umemteleza begani, lakini hakumtazama.

Shabani alipoambiwa alitoka nje. Kwa siku nyingi alipita mbele ya dada yake kama anayepita mbele ya nguzo. Mwajabu hakumlaumu. Alichota maji, alipika, aliwapokea wageni waliochelewa kuja kuhani, na kila aliyeuliza alimweleza ukweli, ingawa wengine waliondoka wakimwona mwongo zaidi kwa kusema hivyo kuliko kwa yale ya kwanza. Ushahidi si upo kwenye simu zao?

Alimpigia Denis kumwomba waziondoe zile picha.

"Pole sana, dada Mwajabu," Denis alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumia kweli. "Karatasi uliyosaini haina mwisho. Na mimi mwenyewe walishanipunguza tangu mwezi wa nne. Picha siku hizi anazitengeneza mtu ambaye hata sijawahi kumwona."

Walishukuriana, wakaagana.

Arobaini ilipokwisha, Frida alituma ujumbe kuuliza kama amwekee nafasi yake. Mwajabu alimjibu asimwekee. Asubuhi iliyofuata Shabani alisimama mlangoni akiwa na jembe mkononi.

"Kaburi limeanza kuota majani," alisema, macho yakiwa chini. "Twende tukapalilie."

Mwajabu akajifunga kanga, akamfuata.