Nyasi za Bi Eirlys

Tangazo la Bi Eirlys lilibandikwa kwenye duka la chakula cha mifugo, na wakulima walilisoma huku wakikanyagana. Farasi mdogo wa familia, jike, mpole, haumi, hapigi teke, hakimbii. La mwisho lilikuwa kweli tupu. Siani, farasi mwenyewe, alikuwa amenenepa hadi shingo yake ikawa kama mto wa kochi. Chini, kwa wino mwekundu: "Ataenda kwenye nyumba ya heshima tu. Nitakuja kukagua."

Watoto watatu wa Bi Eirlys walijifunza kupanda farasi juu ya mgongo huo, wakarefuka, wakahamia mjini Cardiff. Tangu hapo kazi ya Siani ilikuwa kula.

Idwal, fundi wa kuwavisha farasi viatu, aliushika ukwato wa Siani akakunja uso. "Una moto huu, mama. Nyasi mpya za Aprili zina sukari nyingi; zikimkuta hapa, miguu imekwisha. Hatasimama tena."

"Si ndiyo maana natafuta? Lakini simtupi kokote tu."

Familia ya kwanza aliikataa kwa sababu ya mapazia. Ya pili, baba mtu alimpokea amevaa ndala.

Ya tatu ilikuwa ya Mair Pugh, kule juu mlimani, na bintiye Non wa miaka sita. Shamba lao lilikuwa mawe matupu, na kile kilichoota katikati kondoo walikuwa wamekinyoa.

"Sasa atakula nini hapa?" Bi Eirlys aliuliza. "Kokoto?"

"Wanachokula kondoo, shangazi. Hawajalalamika bado."

"Kondoo hawana ukoo."

"Hata sisi hatuna," Mair akacheka, "na tunanenepa vizuri tu."

Bi Eirlys hakucheka. Aliandika kwenye daftari lake: mazingira duni.

Nyumba ya nne ilikuwa ya Bi Venables, bondeni; huko alinyweshwa chai kwenye vikombe vyembamba kama ganda la yai. Akarudi anang'aa, akamkuta Idwal kwenye zizi, amepiga magoti tena mbele ya ukwato uleule.

"Nimepata! Nyasi hadi magotini, Idwal, nzito, mbichi, zinamwagiliwa!"

Idwal aliuachia ukwato. "Basi nichimbe kaburi hukohuko, tusisumbuke kumbeba?"

"Kaburi la nani?"

"La Siani! Mgonjwa wa sukari unamtafutia chumba juu ya duka la keki?"

"Wewe ulisema nyasi za hapa ndizo mbaya."

"Kwani za Bi Venables zimesoma?"

Siani alihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, polepole, kama kikongwe kwenye foleni. Hilo Bi Eirlys aliliona. Akaingia ndani kupiga simu.

"Mair? Nimefikiria tena kuhusu shamba lenu."

"Limezidi ubaya, shangazi?"

"Liacheni hivyohivyo. Msithubutu kulitengeneza."

"Sawa. Lakini na sisi tutakuja kukagua."

Mair na Non walifika kesho yake na gari la kubebea farasi. Siani aliweka kidevu begani kwa Non, akafumba macho. Mtoto akaangalia malisho, kijani kibichi hadi kwenye uzio, halafu akamgeukia Bi Eirlys kwa upole wote wa dunia.

"Bibi, hapa ndipo alipougulia?"

Bi Eirlys, aliyekataa watu kwa mapazia, alienda kufungua lango.